Kwa nini tairi la bodaboda ni jeusi na gumu?

Gunia la kahawa likipakiwa kwenye bodaboda kutoka Mpepai kwenda Mbinga mjini, mzigo wote unaishia kwenye matairi mawili. Kinachoyawezesha kuhimili si mpira peke yake. Ni masizi.

Mpira mtupu, unaotokana na utomvu wa mti, ni laini na si mweusi. Tairi la mpira mtupu lingebonyea ovyo na kulika haraka. Ndiyo maana viwandani huchanganywa na unga laini wa masizi: kwa kawaida, kilo 10 za mpira hupata takribani kilo 5 za masizi.

Yanasaidiaje?

Chembe ya masizi haivutiki, na mpira huing'ang'ania pande zote. Ukilivuta tairi, mpira ulio katikati ya chembe hulazimika kuvutika kuliko kawaida, nao unagoma. Hapo ndipo ugumu unapopatikana.

Mwaka 1945 mwanasayansi Eugene Guth alitoa kanuni ya kukadiria ugumu huo. Masizi yakichukua asilimia 10 ya ujazo, ugumu huongezeka kwa karibu asilimia 40. Yakifika asilimia 20, unakuwa mara mbili ya ule wa mpira mtupu.

Tyubu nayo ina masizi, ila mchanganyiko wake ni laini zaidi. Ndiyo maana watoto hukata manati kwenye tyubu, wakati soli ya katambuga hukatwa kwenye tairi.

Hasara yake ni joto

Chembe zikiwa nyingi hushikana kama wavu. Tairi likizunguka na kubonyea, wavu huo unakatika na kujiunga tena, na kila mara unaacha joto. Upepo ukipungua au mzigo ukizidi, tairi linabonyea zaidi na kuchemka zaidi. Joto hilo hulichosha tairi kwa ndani, hata kama kashata bado zinaonekana nzuri.

Wapo madereva wanaopunguza upepo ili tairi lishike tope kwenye vilima vya Umatengo. Ukifanya hivyo, jaza tena kabla ya kukimbia kwenye lami. Pima upepo asubuhi tairi likiwa la baridi, na kagua ubavuni. Ukiona nyufa au uvimbe, usilipakie gunia wala abiria. Badilisha.