Janti mupya lakini volani inatetemeka: kazi ya pete ndogo ya katikati

Dereva mmoja wa taxi wa Butembo alinunua janti ine za alimini kwa RAV4 yake. Zilikuwa nzuri, na zilifungika bila shida. Ndani ya mji hakusikia kitu, juu na mashimo yetu haya ni nani anapita kilometa 30 kwa saa? Lakini siku alivuka mpaka wa Kasindi na kukamata lami ya Uganda kuelekea Kasese, alipofika 90, volani ikaanza kutetemeka mikononi mwake.

"Nilifikiri gari inaachana vipande vipande," alituambia. Alilipa ekilibraje mara mbili. Akabadilisha rotile. Gari ikabaki vilevile. Shida haikuwa kitu chenye kimeharibika. Ilikuwa kitu chenye hakikuwekwa.

Kitu hicho ni pete ndogo ya plastiki ao ya alimini, yenye makanika wanaita bage. Inafanya kazi gani?

Ukitosha gurudumu, utaona katikati ya bulo chuma ya mviringo yenye inatokeza kidogo. Ni kitovu. Kiwanda kinatoboa janti yake kwa kipimo cha kitovu hicho. Kwa RAV4 nyingi ni milimita 60,1. Kwa Corolla nyingi za zamani ni 54,1. Kwa Prado na Hilux nyingi ni 106,1.

Lakini wenye kutengeneza janti za kuuza kwa kila aina ya gari wanatoboa tundu kubwa, kwa mufano 73,1, ili janti moja iingie kwa gari nyingi. Ukiiweka kwa RAV4, inabaki nafasi ya milimita 13, ni kusema 6 na nusu kila upande. Gurudumu likikaa pembeni hata kwa nusu ya milimita, litakuwa linarukaruka. Polepole hausikii. Kwa mbio, utasikia.

Kwa nini ekilibraje haikusaidia? Kwa sababu mashine inashika janti kwa tundu lake la katikati. Pale mambo iko sawa. Ukirudisha gurudumu kwa gari, katikati ya janti si tena katikati ya kitovu.

Sasa, tuseme ukweli: pete haibebe gari. Kazi ya kushika gurudumu ni ya ekru zenye zimekazwa muzuri. Pete inasaidia gurudumu kukaa katikati wakati wa kukaza. Likikaa vibaya, ekru zinaweza kuonekana zimekaza kumbe bado, na kiisha zinalegea njiani. Hapo ndipo hatari iko, zaidi kwa gari yenye kubeba watu.

Namna ya kufanya:

1. Pima kitovu na tundu la janti. Pete inabeba namba mbili, kwa mufano 73,1 – 60,1: ya kwanza ni ya janti, ya pili ni ya kitovu.

2. Safisha kutu na udongo kwa brosi ya chuma, kwa kitovu na nyuma ya janti.

3. Ingiza pete nyuma ya janti kwa mukono. Ikiomba nyundo, si yake. Isitokeze kupita uso wa janti, juu gurudumu halitalala sawasawa.

4. Angalia ekru. Janti nyingi za kununua zinaomba ekru zenye kichwa cha kuchongoka. Ekru za janti ya alimini ya Toyota mara nyingi ziko na rondela bapa. Musizichanganye.

5. Anza kukaza kwa vidole gari ikingali juu ya kriki, kiisha kwa kupishana kama nyota. Shusha gari, maliza. Kwa RAV4 na Corolla nyingi kipimo ni 103 Nm. Kisha kilometa 100 hivi, kaza tena.

Plastiki haishikane na kutu, lakini inaogopa moto wa freni. Alimini inavumilia moto, lakini inaweza kunatana na janti. Kukata bidoni na kuikunja kuwa pete, hapana.

Pete haitengeneze kila kitu. Kama tundu la janti ni dogo kuliko kitovu, ao nafasi za bulo hazilingani, janti hiyo si ya gari yako. Na kama volani inaendelea kutetemeka hata na pete, tafuta janti yenye kupinda, tairi yenye kuvimba, ao rulema.

Dereva wetu aliweka pete ine, na volani ikatulia. Sasa anawaambia wenzake wa parking: mbele ya kulipa janti, uliza muuzaji pete zake ziko wapi.