Mlango wa stoo unapofunguka wenyewe usiku

Namanga, Busia, Mutukula au Tunduma, mzigo unaweza kulala stoo usiku mmoja au zaidi ukisubiri karatasi za forodha au lori la upande wa pili. Pale ambapo stoo ina mlango wa chuma wa kujikunja unaoendeshwa kwa mota na rimoti, kazi huwa nyepesi, hasa mvua inaponyesha na mkokoteni umeshafika mlangoni. Tatizo huanza siku mlango uliofungwa saa 1 usiku unapokutwa wazi alfajiri, bila alama yoyote ya kuvunjwa.

Wa kwanza kubeba lawama ni mlinzi, akifuatiwa na kijana wa stoo. Kabla ya kumpeleka mtu polisi, mota nayo inastahili kuhojiwa.

Swali la kuanzia ni kama mlango ulifunguka kweli, au haukufunga tangu mwanzo. Milango mingi ya mota ina jicho la usalama karibu na sakafu, ambalo huurudisha mlango juu likihisi kuna kitu chini yake. Vumbi la barabarani, utando wa buibui, kona ya gunia au jua la jioni linalopiga moja kwa moja kwenye jicho hilo vinaweza kuudanganya mlango. Ipo pia mipaka ya mwendo, yaani mpangilio unaoiambia mota isimame wapi. Ikikaa vibaya, mlango hugusa sakafu, mota hudhani umekutana na kizuizi, na mlango hurudi juu. Mwenye stoo aliyebonyeza rimoti akiwa tayari kwenye bodaboda hataona lolote kati ya haya. Dawa ni kusimama mpaka mlango utue chini na mota inyamaze, kisha kuhesabu hadi 10.

Ikiwa mlango ulikuwa umefunga kabisa na baadaye ukafunguka, rimoti ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kitufe kilichoingiwa na uchafu au kilichobanwa mfukoni na funguo hutuma amri bila mwenyewe kujua. Baada ya hapo ziulizwe rimoti za watu wengine. Stoo za mpakani hubadilisha wapangaji, na mpangaji anayeondoka anaweza kurudisha rimoti moja huku nyingine ikibaki kwenye gari. Kumbukumbu ya mota isipofutwa, rimoti hiyo itaendelea kufanya kazi. Kufuta kumbukumbu na kuingiza upya rimoti zilizopo mkononi ni kazi fupi kwa fundi, na ifanywe siku ya kukabidhiwa stoo, kabla gunia la kwanza halijaingia. Mota zinazoendeshwa kwa simu nazo zikaguliwe: nani bado ana ruhusa kwenye akaunti?

Halafu yupo jirani. Mota za zamani hutambua rimoti kwa vijiswichi vidogo vilivyopangwa mstari, na kila kimoja kina nafasi mbili tu. Vijiswichi 8 hutoa mipangilio 256. 10 hutoa 1,024. Stoo za jengo moja zikifungwa mota za aina moja na vijiswichi vikaachwa kama vilivyotoka kiwandani, jirani akifungua kwake anafungua na kwako. Dalili yake ni saa: mlango hufunguka wakati ule ule ambao mwenzako huanza au humaliza kazi. Daftari la kuandika saa hizo kwa wiki moja litasaidia kuliko mabishano. Wanaolaumu mnara wa simu kwa kawaida wanakosea, kwa sababu kelele ya mawimbi huizuia rimoti isisikike. Kutunga namba sahihi ya kufungulia si kazi inayoiweza.

Udhaifu wa namba isiyobadilika ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2015 mtaalamu wa usalama wa Marekani, Samy Kamkar, alionyesha kwamba kifaa cha kuchezea watoto alichokifanyia marekebisho kingeweza kujaribu namba zote za milango ya aina hiyo kwa chini ya sekunde 10. Mota za kisasa hutumia namba inayobadilika kila kitufe kinapobonyezwa. Fundi akiweka rimoti mbili uso kwa uso na nakala ikawa tayari papo hapo, mara nyingi ni ishara kwamba mlango huo bado uko kwenye namba moja.

Kama rimoti zote zimetolewa betri na mlango bado unafunguka, tazama swichi ya ukutani. Waya wake ukiwa umetafunwa na panya, umebanwa na msumari au umelowa, nyaya mbili hugusana na mota huona kama kitufe kimebonyezwa. Zima umeme, chomoa nyaya hizo kwenye mota, rudisha umeme, kisha subiri siku kadhaa. Tatizo likikoma, badilisha waya. Likiendelea, kilichobaki ni bodi ya mota yenyewe, ambayo huenda iliumizwa na radi au na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Hapo aitwe fundi. Springi za mlango zisiguswe na asiyezijua, maana nguvu iliyofungiwa ndani yake inaweza kuvunja mkono.

Siku zote za uchunguzi huo, umeme wa mota uzimwe usiku na mlango ufungwe kwa komeo na kufuli. Mpangilio ni huo huo: umeme kwanza, komeo baadaye. Mota ikipokea amri huku komeo limefungwa, itauvuta mlango mpaka kitu kikatike, na asubuhi utakuwa na matatizo mawili.

Kwa mwenye ghala la forodha hesabu ni nzito zaidi. Bidhaa zilizomo hazijalipiwa ushuru, na zikipotea ni yeye anayeulizwa. Daftari la saa, tarehe ya kufutwa kwa kumbukumbu ya mota na orodha ya wenye rimoti ni karatasi za kuwa nazo kabla afisa hajazitaka.