Mwani Katika Sahani za Chiromo

Mwanafunzi wa biolojia pale Chiromo, jirani na Westlands, huotesha bakteria juu ya agari, rojo iliyogandishwa itokanayo na mwani. Je, huambiwa kwa nini bakteria hao hawaili sakafu wanayoikalia? Tangu miaka ya 1880, Bi. Fanny Hesse alipoipendekeza katika maabara ya Robert Koch, agari imethaminiwa kwa sababu minyororo yake ya sukari huvishinda vijidudu vingi. Baharini, hata hivyo, wamo bakteria wanaoiweza. Vimeng'enya vyao huikatakata, sahani ikabaki na vishimo. Nao mwani wa Kibuyuni, Kwale, una karagenani, nduguye agari. Sioni basi haja ya mwalimu kukimbilia mifano ya ng'ambo. Aagize chupa ya maji ya Kibuyuni, wanafunzi wavitafute vishimo wenyewe.