Hewa ndani ya ndege: gharama isiyoonekana kwenye mizania

Mwekezaji anayetazama hisa za shirika la ndege huuliza bei ya mafuta, idadi ya abiria na madeni. Wachache huuliza hewa wanayovuta marubani na wahudumu inatoka wapi. Swali hilo nalo lina bei yake.

Hewa hutoka kwenye injini

Katika ndege nyingi za jeti, hewa ya kupumua huchotwa kwenye kompresa ya injini, kabla ya mahali mafuta yanapochomwa. Hupoozwa, kisha huingizwa ndani. Vichujio hunasa vumbi na vijidudu katika hewa inayozungushwa tena, lakini havizuii mvuke wa kemikali. Sili ya injini ikichakaa, oili huvuja na kuchanganyika na hewa. Oili nyingi za jeti zina trikresili fosfeti, kemikali inayoweza kudhuru mishipa ya fahamu.

Abiria hukutana na moshi huo kwa nadra. Mhudumu yumo humo kila siku ya kazi. Wataalamu bado wanabishana kuhusu madhara ya muda mrefu, lakini mahakama hazikusubiri wamalize.

Funzo la Australia

Mwaka 1992 ndege ya BAe 146 ya East-West Airlines ilijaa moshi ikishuka kutua Brisbane. Mhudumu mmoja alipata kikohozi kisichopona, akashitaki. Mwaka 2009 baraza la New South Wales lilimpa ushindi, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Australia ilikataa rufaa ya kampuni. Fidia ilikuwa takriban dola za Australia 139,000.

Kiasi hicho si kikubwa kwa shirika la ndege. Kilichowashtua wafanyabiashara ni muda: hesabu ya safari moja ilikuja kulipwa miaka 18 baadaye, wakati East-West yenyewe ilikwisha acha kuruka zamani.

Mabadiliko ya Boeing

Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011, haichoti hewa ya abiria kwenye injini. Kompresa za umeme huivuta moja kwa moja kutoka nje. Shinikizo la ndani ni sawa na mwinuko wa mita 1,800 hivi, badala ya 2,400. Kenya Airways ilipokea ndege ya aina hiyo mwaka 2014, na Air Tanzania mwaka 2018. Hata hivyo, mashirika yote mawili yana pia ndege za mfumo wa kawaida.

La kuuliza

Moshi ukitokea, ndege hugeuza njia, abiria hulazwa hotelini na injini hufunguliwa ikaguliwe. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilitoa mwongozo wa kuwafundisha wafanyakazi kutambua na kuripoti matukio haya. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, mwenye hisa aulize: yameripotiwa mangapi, na bima inalipia nini? Menejimenti isiyo na jibu haijaanza kupiga hesabu.