Nani bado ana diski ya "Masanga"? Wimbo wa Mwenda Jean Bosco unatafutwa mbali na Katanga

Kuna wimbo mmoja wa gitare kutoka Katanga ambao wapiga gitare wa Ulaya na Marekani wanajifunza kidole kwa kidole, na wengine walipanda hata ndege kuja Lubumbashi kumtafuta mwenyewe. Unaitwa "Masanga". Ni wa Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya, na ulirekodiwa mwaka 1952 pale Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Lakini kijana wa Likasi akitaka leo kusikia ile sauti ya kwanza, ile yenyewe ya 1952, itamubidi atafute mbali: Afrika Kusini, Uholanzi, au kwenye simu yake katikati ya majina mengi yanayochanganya.

Jina lenyewe linaleta kicheko. Mtu wa Kinshasa akisikia "Masanga" anafikiri pombe, sababu kwa Lingala ndiyo maana yake. Katanga ni kitu kingine. Mara nyingine wimbo unaandikwa "Masanga Njia", yaani njia panda, pale barabara zinakutana.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 katika Bunkeya, mji mkuu wa zamani wa ufalme wa Bayeke. Ufalme huo ulijengwa na Msiri, ambaye watu wake walitoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa, Tanzania ya leo, wakifuata biashara ya shaba na pembe za tembo, mpaka Msiri alipouawa na watu wa mfalme Leopold II wa Ubelgiji mnamo Desemba 1891. Miaka sitini baadaye, Katanga ilikuwa nchi ya migodi. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa imekusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Burundi, Rhodesia na Nyasaland. Kiswahili ndicho kiliwaunganisha katika kambi za wafanyakazi. Gitare nayo ilikuwa mali ya kijana mwenye mshahara, kitu cha kubeba jioni na kupiga huku unatembea barabarani.

Ndivyo Hugh Tracey alivyomkuta. Tracey alikuwa Mwingereza aliyefika Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, kusaidia kaka yake katika shamba la tumbaku, kisha akageuka mtu wa kukusanya muziki wa Kiafrika. Mwaka 1952 alizunguka Congo ya Wabelgiji na mashine zake za kurekodi. Hakuishia Katanga tu. Katika mwaka huo huo alirekodi pia ngoma na nyimbo kandokando ya msitu wa Ituri, na ngoma za mfalme huko Rwanda. Kwa hiyo wasomaji wa Bunia wasifikiri habari hii ni ya watu wa Lubumbashi peke yao.

Pale Jadotville alimsikia kijana wa miaka kama 22 akipiga gitare barabarani. Akamrekodi. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg ikatoa nyimbo zake kwenye diski zenye alama ya Gallotone, na "Masanga" ikapata tuzo ya Osborn, iliyokuwa inapewa rekodi bora za muziki wa Kiafrika.

Kwa nini watu wanahangaika hivi kwa wimbo mmoja? Mtu anayesikiliza kwa mara ya kwanza huapa kwamba kuna gitare mbili. Kumbe ni moja. Kidole gumba kinashika sauti za chini, kidole cha shahada kinacheza za juu, na viwili hivyo havitembei kwa mwendo mmoja: kimoja kama kinahesabu mbili, kingine tatu, lakini vinakutana mahali panapotakiwa. Mtafiti David Rycroft wa London alikaa na rekodi hizo akaziandika noti kwa noti, akatoa makala mawili katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Wimbo wa barabarani kuandikwa hivyo, kama kazi za Bach zinavyochambuliwa, haikuwa jambo la kawaida wakati ule.

Jambo moja ambalo watafutaji wengi hawalijui: Mwenda hakuwa akipiga "Masanga" namna moja kila mara. Alikuwa akibadilisha papo hapo, akiongeza hapa, akipunguza pale. Na diski ya wakati ule, ile ya mizunguko 78 kwa dakika, ilibeba kama dakika tatu kwa upande mmoja, basi. Kwa hiyo sauti ya 1952 ni dakika hizo tatu za siku ile, na hazikurudi tena. Baadaye Mwenda alirekodi wimbo huo tena na tena. Mwaka 1988 aliingia studio mjini Cape Town akiwa mtu mzima, na nyimbo hizo zilitoka kwenye CD huko Marekani baada ya kifo chake. Ni CD nzuri, sauti ni safi. Ila aliyeisikia hiyo na kudhani amepata "Masanga" ya zamani, amekutana na ndugu yake tu.

Ugumu wa kwanza wa kuutafuta ni majina. Kwenye diski za zamani anaitwa Mwenda Jean Bosco. Mahali pengine ni Jean Bosco Mwenda, na Afrika Mashariki wengi walimwita Bosco tu. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mobutu alileta siasa ya authenticité na majina ya Kizungu ya ubatizo yakakatazwa. Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Mtu mmoja, na katika orodha za maktaba anaweza kuonekana kama watatu.

Miji nayo ilibadilika. Jadotville ikawa Likasi, Élisabethville ikawa Lubumbashi. Katanga yenyewe iliitwa Shaba kwa miaka zaidi ya ishirini, ikarudi kuwa Katanga mwaka 1997, kisha mwaka 2015 ikakatwa vipande na Likasi ikabaki katika Haut-Katanga. Nchi iliitwa Congo Belge, ikaitwa Zaïre, ikarudi Congo. Anayeandika "Likasi" katika orodha iliyotengenezwa mwaka 1952 hatapata kitu. Lazima aandike Jadotville, jina ambalo vijana wengi hawajawahi hata kulisikia.

Hata nyumba inayohifadhi rekodi za Tracey haikukaa na anwani moja. Mwaka 1954 alianzisha International Library of African Music, inayojulikana kama ILAM, huko Roodepoort karibu na Johannesburg. Baada ya kifo chake mwaka 1977, mtoto wake Andrew aliihamishia Chuo Kikuu cha Rhodes katika mji wa Grahamstown, ambao sasa nao umebadilishwa jina na kuitwa Makhanda. Hapo ndipo penye hazina kubwa zaidi ya rekodi zake, na nyingi zimeshaingizwa kwenye kompyuta. Huko Ubelgiji, jumba la makumbusho la Tervuren lina hifadhi yake kubwa ya sauti kutoka Afrika ya Kati. Na kwa mtu anayetaka kusikiliza tu, bila kuandika barua kwa chuo kikuu, njia fupi ni CD za SWP Records, kampuni ndogo ya Michael Baird huko Uholanzi. Alichukua rekodi za Tracey, akazisafisha na kuzitoa upya. Moja ya CD hizo ni ya wapiga gitare wa kusini mwa Congo na kaskazini mwa Zambia katika miaka ya 1950, na Mwenda yumo.

Wengine hawakuridhika na diski. Mwaka 1979 mpiga gitare Mwingereza, John Low, alifika Lubumbashi akiwatafuta watu ambao alikuwa akisikia vidole vyao tu. Aliwapata: Mwenda, Edouard Masengo, Losta Abelo. Safari hiyo ilitoa kitabu, Shaba Diary, kilichochapishwa mwaka 1982. Miaka kumi na moja baada ya Low, mwaka 1990, Mmarekani Elijah Wald naye alikuja Lubumbashi kujifunza kwa Mwenda na Masengo. Aliwahi kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 Mwenda alikufa katika ajali ya gari nchini Zambia.

Inastahili kuuliza: wakati watu hao wanavuka bahari kuja kukaa miguuni pa mwalimu, ni wanafunzi wangapi wa hapa walikuwa wamekaa pembeni yao? Wakati ule masikio ya Zaïre yote yalikuwa Kinshasa, kwenye orkestra kubwa, gitare za umeme na sebene. Mzee mwenye gitare moja ya mbao alionekana mtu wa zamani. Nairobi walimheshimu zaidi. Mwenda alikaa huko mwishoni mwa miaka ya 1950, sauti yake ikawa kwenye redio, na wapiga gitare wengi wa Kenya wa kizazi kile waliiga vidole vyake.

Kenya pia imeonyesha kwamba rekodi zinaweza kurudi nyumbani. Mwaka 1950 Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya kiumbe waliyemwita "Chemirocha". Jina hilo lilitoka kwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa muziki wa country wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye diski zake zilikuwa zimefika vijijini mwao. Zaidi ya miaka sitini baadaye, ILAM pamoja na wanamuziki wa Kenya walirudisha rekodi hiyo kule ilikotoka, wakakuta bado kuna wazee waliokuwepo siku ile ya kuimba. Waliotaka kujua ni nani aliyeimba walipata jibu kutoka midomo ya watu. Katika Katanga, kila mwaka unaopita unapunguza midomo hiyo. Mtu aliyekuwa na miaka kumi pale Jadotville mwaka 1952 sasa ana zaidi ya themanini.

Kuna pia swali la mali. Sheria ya Congo ya mwaka 1986 juu ya haki za watunzi inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake nyimbo za Mwenda bado zina wenyewe mpaka karibu mwaka 2040. Shirika la SOCODA, lililoundwa mwaka 2011, ndilo lenye kazi ya kukusanya haki za watunzi hapa nchini. Rekodi ni kitu kimoja na utungo ni kingine: anayemiliki ukanda wa sauti si lazima awe mwenye wimbo. Familia ya mtunzi yeyote wa zamani inayotaka kudai chochote itaanza na swali lile lile la mtafutaji: wimbo uliandikwa kwa jina gani, mwaka gani, na diski yenye namba gani. Asiye na diski atapata shida kujibu.

Na diski bado zipo. Zilikuwa zikiuzwa, si za siri, na nyumba nyingi za Katanga, za Copperbelt ya Zambia na za Kivu zilikuwa na gramafoni. Zile ambazo hazijavunjika zimelala chini ya vitanda au kwenye sanduku la marehemu babu. Ni nyeusi, nzito kuliko vinyli za baadaye, na zinapasuka kama sahani zikianguka. Anayeipata asiisafishe kwa alkoli wala pombe kali, kwa sababu zimetengenezwa kwa shelaki na alkoli inaiyeyusha. Kitambaa laini na maji kidogo yanatosha, bila kulowesha karatasi ya katikati. Asiiweke pia kwenye mashine yenye sindano ya vinyli. Mifereji ya diski ya 78 ni mipana zaidi na inahitaji sindano yake. Zisimame wima, zisilaliane. Na kabla ya yote, apige picha ya karatasi ile ya katikati pande zote mbili: jina la mwimbaji, jina la wimbo, lugha na namba. ILAM wakiipata namba hiyo, wanaweza kuanza kutafuta.