Elamipretidi na Udhaifu wa Mitokondria

Elamipretidi ni peptidi fupi yenye asidi amino nne tu. Hupenya ndani ya seli na kufika kwenye mitokondria, sehemu ndogo zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu ya mwili. Utando wa ndani wa mitokondria umekunjwa kama marinda, na mikunjo hiyo hushikiliwa na mafuta maalumu yaitwayo kardiolipini. Mafuta hayo yakiharibika, mikunjo hulegea na nguvu hupungua. Elamipretidi hujishikiza kwenye kardiolipini na kuusaidia utando kushika umbo lake.

Madhara ya kukosa kardiolipini kamili huonekana wazi katika ugonjwa wa Barth, uliopewa jina la Peter Barth, daktari Mholanzi aliyeueleza mwaka 1983. Chanzo chake ni hitilafu ya jeni TAFAZZIN iliyo katika kromosomu X, na ndiyo maana huwapata hasa watoto wa kiume. Moyo hutanuka na kudhoofika, misuli hulegea, na upungufu wa chembe nyeupe za damu huacha mwili wazi kwa maambukizi.

Elamipretidi ilijaribiwa kwa wagonjwa 12 wa Barth. Katika wiki 12 za mwanzo haikuishinda dawa bandia, lakini walioendelea kuchomwa sindano kila siku waliongezeka nguvu za miguu. Kwa ushahidi huo, Septemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa masharti kwa wagonjwa wenye kilo 30 au zaidi.

Mitokondria hudhoofika pia kwa uzee. Panya wazee waliopewa dawa hii kwa wiki 8 mioyo yao ilijaa damu vizuri zaidi. Kwa binadamu, hakuna ushahidi kwamba inazuia uzee.

Kwa familia ya Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, hatua ya kwanza ni utambuzi. Mtoto wa kiume mwenye moyo uliotanuka, misuli dhaifu na maambukizi ya mara kwa mara, hasa ikiwa wajomba zake walifariki wachanga, anastahili kufikishwa hospitali ya Kivunge, kisha Mnazi Mmoja mjini Zanzibar au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ugonjwa huthibitishwa kwa vipimo vya kardiolipini na jeni. Ukijulikana mapema, dawa za kawaida za moyo na tiba ya haraka ya maambukizi zinaweza kuokoa maisha hata pale ambapo peptidi hii haijafika.