Wazee waliogopa sketi na muziki, hatari ilikuwa mlangoni

Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia Idd, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hauna pa kupita. Mama amemshika mtoto kwa mkono mmoja, mkono wa pili umebeba mfuko wa viatu, huku wauza nguo wakiita bei kwa vipaza sauti. Mtoto hana habari na bei. Ana swali moja tu: kesho jioni tunakwenda wapi?

Nyumbani swali hilo hukutana na majibu mawili. Mtoto mkubwa amesikia kuna ukumbi wenye muziki na kiingilio nafuu, na wenzake wote wa mtaani wanakwenda. Bibi naye yuko sebuleni, amesikia.

"Enzi zetu sikukuu ilikuwa na heshima. Siku hizi ni kelele tu," bibi husema.

"Kwani bibi, nyie hamkucheza?" mjukuu huuliza.

Hapo bibi hucheka, kwa sababu walicheza.

Mazungumzo ya namna hii hurudi kila sikukuu inapokaribia, iwe Idd, Krismasi au Mwaka Mpya, na mzazi hujikuta katikati. Akiruhusu, anaambiwa ameharibu mtoto. Akikataa, mtoto hupita mlango wa uani. Lakini historia ya jiji hili ina jambo la kumsaidia mzazi huyo: kila kizazi kiliogopa burudani ya kizazi kilichofuata, na mara nyingi kiliogopa kitu ambacho sicho kilichokuwa na madhara.

Jiji lililocheza tangu zamani

Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, wakati wa utawala wa Waingereza. Jiji lilikuwa limegawanywa: Wazungu upande wa baharini, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi katikati kama mpaka, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa ni afya, eti kuzuia maradhi yasivuke. Muziki ulivuka.

Baada ya Uhuru dansi lilipata nguvu mpya. Mwaka 1964 ilianzishwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikaja Mlimani Park, wana Sikinde, ambao ukumbi wa DDC Kariakoo ulikuwa kama nyumbani kwao. Kwa familia nyingi za hapa mjini, sikukuu ilikuwa na mpangilio wake: asubuhi swala au ibada, mchana pilau, jioni wakubwa wanavaa na kwenda dansini.

Vijana nao walikuwa na lao. Walikwenda kwenye madansi ya mchana yaliyoitwa bugi, jua likizama wanarudi nyumbani. Wazazi wa wakati huo hawakulala usingizi kwa amani zaidi kuliko wa leo. Nao walilalamika.

Sketi fupi na muziki wa soul

Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969, sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua vingepigwa marufuku kwa kuwa vilionekana kuua utamaduni wa Mwafrika. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, magenge ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake eneo la Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao.

Novemba 1969 ikafuata zamu ya muziki. Soul, muziki wa Wamarekani weusi uliokuwa ukipendwa na vijana wa mjini, ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam.

Msichana aliyekuwa na miaka 18 wakati huo, leo ni bibi wa zaidi ya miaka 70. Ndiye huyo aliyekaa sebuleni akisema singeli imeharibu watoto. Hakosei kuwa na wasiwasi. Ni wajibu wake. Lakini katika mwaka ule wa sketi, walioumizwa Kariakoo hawakuumizwa na sketi. Waliumizwa na kundi la watu.

Kilichotokea Tabora

Miaka 40 baadaye nchi ilijifunza somo hilo kwa uchungu. Oktoba 1, 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto wa Tabora mjini walivaa nguo mpya na kwenda disko toto. Ukumbi ulifurika kuliko uwezo wake. Watoto takriban 20 walifariki dunia kwa kukosa hewa na kukanyagana, na wengine wengi waliumia.

Hawakufa kwa sababu ya wimbo uliokuwa ukipigwa, wala kwa sababu ya nguo walizovaa. Walikufa kwa sababu waliingizwa wengi kupita kiasi mahali ambapo hewa na njia ya kutokea havikuwatosha.

Tangu wakati huo polisi wamekuwa wakirudia tangazo karibu kila sikukuu, wakiwamo wa Kanda Maalumu ya Dar es Salaam: disko toto ni marufuku. Hata hivyo, mikusanyiko ya watoto haikuisha. Ilibadili majina na mahali. Leo kuna shoo za mchana, kuna sherehe za viwanjani, na kuna muziki wa mtaani unaopigwa hadi usiku mbele ya nyumba, ambao mtoto haulipii kiingilio kwa kuwa umemkuta kitandani.

Mwili wa mtoto kwenye umati

Wengi hudhani watu wanaokufa kwenye msongamano hukanyagwa. Mara nyingi sivyo. Hufa wakiwa wamesimama. Watu wanapobanana sana, kifua hukosa nafasi ya kutanuka, na mtu asiyeweza kutanua kifua hawezi kuvuta pumzi, hata kama hewa ipo.

Kwa mtoto hali ni mbaya zaidi. Mbavu zake ni laini na nguvu zake za kusukuma ni ndogo. Uso wake uko usawa wa kiuno cha mtu mzima, chini kabisa, ambako ni joto na hewa ni nzito. Anapolia, hakuna anayemsikia kwa sababu ya muziki.

Haya hayahitaji ukumbi wala usiku. Machi 21, 2021, watu 45 walipoteza maisha katika msongamano Uwanja wa Uhuru jijini hapa, wakati wa kuaga mwili wa Rais John Magufuli. Oktoba 2022, zaidi ya watu 150 walikufa katika uchochoro wa Itaewon, Seoul nchini Korea Kusini, wengi wao vijana waliotoka usiku kusherehekea. Waliokusanyika Dar es Salaam walikuwa na majonzi na wale wa Seoul walikuwa na furaha, lakini kifua kilibanwa kwa namna ile ile.

Kariakoo yenyewe ni ya kuangaliwa. Tangu mapema mwaka 2025, Serikali ilipozindua biashara ya saa 24 sokoni hapo, usiku umekuwa na watu wengi zaidi, na siku chache kabla ya sikukuu Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Msimbazi hujaa kweli kweli. Mtoto mdogo hana lazima ya kuwa pale saa nne usiku ili apate kiatu. Pima mguu wake kwa kamba nyumbani, kisha nenda na kamba.

Masikio hayaoti tena

Hatari ya pili haionekani siku hiyo hiyo. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huviharibu, na vikishakufa havioti tena.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila madhara. Kwa mtoto kiwango kinashuka hadi desibeli 75 kwa muda huo huo. Sauti ikifika desibeli 100, kiwango ambacho spika za ukumbini hufikia kwa urahisi, muda salama kwa mtu mzima unabaki dakika 20 tu kwa wiki nzima. Shirika hilo linakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni moja duniani, wenye umri kati ya miaka 12 na 35, wako hatarini kupoteza usikivu kwa kusikiliza sauti kubwa.

Mzazi hahitaji kifaa cha kupimia. Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwanao na uongee kawaida. Kama inabidi upige kelele ndipo akusikie, sauti hiyo imezidi. Akirudi nyumbani akalalamika masikio yanalia au yameziba, sikio linaomba msaada. Mpumzishe na kelele, hata za simu. Hali ikiendelea siku inayofuata, mpeleke akaonwe na mtaalamu.

Kuna na usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Usiku mmoja wa sikukuu hauharibu mtoto. Siku tatu mfululizo za kulala saa saba usiku, kisha Jumatatu shule, humrudisha darasani akiwa mzito na mwenye hasira.

Kabla ya kusema ndiyo

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inampa mzazi wajibu wa kumlinda. Wengi hawajui kwamba sheria hiyo hiyo inataja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki za mtoto. Kwa hiyo kumfungia ndani sikukuu nzima si jibu. Jibu ni kuuliza maswali ambayo Operesheni Vijana haikuuliza.

La kwanza ni mlango. Ukumbi una milango mingapi, na wakati wa shoo inakuwa wazi au ina kufuli? Kama uko ghorofani, ngazi ni ngapi? Mlango mmoja kwa watoto mia kadhaa ni sababu tosha ya kugeuza.

La pili ni idadi. Je, kuna anayehesabu wanaoingia, au tiketi zinauzwa mradi mteja yupo? Ukifika ukakuta watu wamebanana nje, ndani ni zaidi.

La tatu ni mtu mzima. Si kaka yake wa miaka 13, wala "wako wengi watakuwa pamoja". Ni mtu mmoja anayejulikana kwa jina, aliyekubali kuwa na watoto hao mwanzo hadi mwisho, na mwenye simu yenye chaji.

La nne ni saa na usafiri. Watarudi saa ngapi na kwa nini: mwendokasi, bajaji au kwa miguu? Mwandikie mtoto namba yako kwenye karatasi na uitie mfukoni, na mkubaliane mahali pa kukutana mkipotezana.

Mkijikuta kwenye msongamano, mbebe mdogo juu ili uso wake upate hewa. Weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili kulinda nafasi ya kupumua. Usisukumane na wimbi la watu. Likitulia, jongea pembeni kidogo kidogo. Kiatu kikidondoka, kiache. Kwa dharura piga 112, na kwa mtoto aliye katika hatari piga 116, namba ya huduma kwa watoto.

Na si lazima iwe ukumbini. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, hayako mbali na Kariakoo. Ufukwe wa Coco ni mzuri, ila majini mtu mzima awe karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono. Hata uani panatosha: majirani wakichanga, spika moja ya sauti ya wastani, soda, na bibi kwenye kiti.

Bibi akiwa pale, huenda akaombwa aonyeshe walivyokuwa wakicheza Sikinde. Atakataa mara mbili. Mara ya tatu atainuka, na mtoto hataulizia tena ule ukumbi.